Rangi huharibika kabla ya kufika sufuriani

Karakana yetu ya kutia vitambaa rangi asilia ni ya watu watatu, yaani mama yangu, mdogo wangu na mimi, na mwaka wa kwanza tuliamini kwamba siri yote imo kwenye majani, magome na mizizi tunayochemsha. Mteja mmoja akaagiza mapazia ya pamba ya rangi ya njano, nasi tukatumia bizari ya manjano kwa sababu hukolea upesi na hupendeza macho. Baada ya wiki chache mapazia yalirudi, sehemu zilizopigwa na jua zikiwa zimepauka, huku ndani ya mikunjo njano ikingali inang'aa. Tulirudisha fedha yote, na kwa kweli tulistahili. Manjano hushika hata bila dawa ya kushikisha rangi, lakini hayahimili mwanga, wala chumvi na siki haziyaokoi, ingawa utaambiwa hivyo mara nyingi.

Tangu siku hiyo hatuuzi rangi ambayo hatujaijaribu dirishani. Kata kipande kidogo cha kitambaa kilichotiwa rangi, funika nusu yake kwa kadibodi nene, kiache penye jua kwa mwezi mmoja, kisha ufunue. Ukiona mpaka ulio wazi kati ya nusu hizo mbili, rangi hiyo labda itafaa kwa bitana, si kwa mapazia.

Jambo la pili ni usafi wa kitambaa chenyewe. Pamba, hata ikionekana nyeupe kabisa, huwa na nta na mafuta yake ya asili, kwa hiyo tunaichemsha kwa magadi na sabuni kwa saa moja au mbili mpaka maji yawe kama chai. Kitambaa kikikauka, kidondoshee tone la maji: likizama papo hapo kiko tayari, likikaa juu kama shanga kirudishe sufuriani. Mdogo wangu aliwahi kuiruka hatua hii kwa jora zima ili kuokoa kuni, likatoka na mabaka ambayo hayakuzibika kwa rangi yoyote. Jora hilo tunalo hadi leo, tunafutia meza.

Suala la vipimo ndilo lililotugombanisha zaidi, kwa kuwa mama alikuwa akipima shabu, dawa yetu ya kushikisha rangi, kwa kiganja na nilipoleta mizani aliniuliza, "Mwanangu, mkono wangu umekukosea nini?" Sikuwa na jibu hadi mitandio ya agizo moja, iliyotiwa rangi kwa siku mbili tofauti, ilipotoka kama ya karakana mbili. Sasa tunapima kitambaa kikiwa kikavu, na shabu huwa asilimia 15 ya uzito huo, yaani gramu 150 kwa kila kilo. Sufu na hariri huipokea moja kwa moja, lakini pamba tunaiandaa kwanza kwa tanini, yaani ukakasi wa mimea, kwa mfano ya maganda ya komamanga. Chuma, ambacho hugeuza njano kuwa kijani cha zeituni, hakizidi asilimia 2 kwetu, kwani kikizidi huidhoofisha sufu, na kina sufuria na mwiko wake, maana mabaki kidogo tu hutosha kufifisha rangi ya sufuria nyingine. Vipimo vyote huandikwa daftarini pamoja na chanzo cha maji, na kando yake hubandikwa kipande cha kitambaa. Siku hizi mwandishi ni mama mwenyewe, na ole wako uchukue kalamu yake.

Kwenye pipa la nili tu ndiko tulikomwachia jicho lake. Yeye hutazama utando wa rangi ya shaba juu ya maji ya kijani-manjano, huchovya kitambaa taratibu asiingize hewa, hukitoa kikiwa kijani, kisha hukining'iniza na kukisubiri kigeuke buluu chenyewe kabla ya kukichovya tena. Hapo hakuna anayemletea mizani.