Tungetumia, tukitumia, tulitumia: viambishi vya kuisimulia kesho

SWALI: Ninaandika hadithi fupi za solapanki, nikitumaini zitawatia watu ari ya kukabili mabadiliko ya tabianchi. Niliandika: "Miji ingetumia nishati ya jua, hewa ingekuwa safi." Mhariri akabadilisha: "Miji ikitumia nishati ya jua, hewa itakuwa safi." Nahisi amenigeuzia maana. Nani yuko sahihi? Na -ngali- ina kazi gani katika hadithi kama hizi?

JIBU: Maana imegeuka kweli, na katika hilo namuunga mkono mhariri, ingawa hata sentensi yake haijafika unakotaka kwenda.

Kwa wasioijua, solapanki ni fasihi na sanaa inayochora dunia iliyofaulu: nishati safi, miji yenye kijani, watu wanaotengeneza vitu vyao na kuamua mambo yao pamoja. Jina hilo lilionekana mtandaoni mwaka 2008, na mwaka 2012 mkusanyiko wa hadithi za aina hiyo ukatoka Brazil. Ile "panki" ya mwisho ina ukaidi ndani yake. Mwandishi wake hakubali kwamba maangamizi ndiyo mwisho pekee wa kisa.

Sasa tazama -nge-. Mtu akikwambia "ningekuwa na nafasi ningekusaidia", umeshajua kwamba nafasi hana na msaada hupati. Kiambishi hiki hutaja jambo ambalo kwa sasa halipo. Kwa hiyo "miji ingetumia nishati ya jua" inamwambia msomaji kwamba miji haitumii, wala haionekani kuelekea huko. -ki- haitoi hukumu hiyo. "Miji ikitumia" inaacha shauri wazi: huenda ikatumia, huenda isitumie. Tena kwa habari ya jua, hali halisi iko upande wa -ki-. Kwa mujibu wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linalotathmini sayansi ya tabianchi, gharama ya nishati ya jua ilishuka kwa asilimia 85 kati ya mwaka 2010 na 2019. Kitu kinachoshuka bei kwa kasi hiyo hakistahili -nge-.

Lakini usiipachike -ki- kila mahali kwa sababu tu inapendeza. Mwaka 2018 jopo hilohilo lilieleza kwamba, ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, utoaji wa kaboni dioksidi ulipaswa kupungua kwa takribani asilimia 45 ifikapo mwaka 2030, ukilinganishwa na mwaka 2010. Wakati ule mtu aliweza kusema "tukipunguza" bila kusita. Kila mwaka unaopita bila upungufu huo unaisogeza sentensi kuelekea "tungepunguza". Wakati huohuo, kila sehemu ndogo ya nyuzi inayozuiwa bado ina faida, na hapo -ki- inabaki halali kabisa. Mwandishi wa matumaini asiyetenganisha mambo haya mawili ataonekana muongo kwa msomaji anayefuatilia habari.

Kuhusu -ngali-, kanuni ya zamani huipa jambo lililokwisha kupita, lisiloweza kubadilika. Siku hizi wengi huichanganya na -nge-, na sitagombana nao sokoni. Katika mada hii, hata hivyo, ningeitunza tofauti yao. Watu wameizoea -ngali- kama kiambishi cha majuto, ile ya "ningalijua" ambayo huja nyuma. Ukiikanusha, inageuka kuwa ya shukrani: "Mataifa yasingalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuachana na kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, tabaka hilo lingaliendelea kumomonyoka." Hilo ni balaa lililoepukwa, na kuepukwa huko kulitokea kweli. Mhusika wako anayeishi kesho atakuwa na sentensi nyingi za namna hii za kuwasimulia wajukuu.

Tangazo la kawaida la tabianchi hupenda -sipo-: "Tusipochukua hatua, tutaangamia." Sarufi yake haina kasoro. Ila baada ya "tutaangamia" msomaji hana la kufanya, na hizo "hatua" hazina sura wala mwenyewe. Mbaya zaidi ni ndugu yake, "hatua zichukuliwe", ambayo huwa najiuliza imeandikwa na nani kumwagiza nani.

Nimesema sentensi ya mhariri haijafika. Sababu ni kwamba -ki- bado imesimama leo ikiichungulia kesho. Solapanki huhamia huko. Msimulizi wake anaishi katika wakati ambao mambo yameshatendeka, kwa hiyo viambishi vyake ni -li-, -na- na hu-, na hasa -ka-. Mtazame huyu wa mwisho: "Walipima paa zote za mtaa, wakachanga, wakafunga paneli, wakakuta nyaya zimeunganishwa vibaya, wakabishana usiku kucha, wakarekebisha." -ka- inapanga matendo moja baada ya jingine na haimruhusu mwandishi kurukia ushindi. Msomaji anapata kitu ambacho "hewa itakuwa safi" haiwezi kumpa, yaani anaona kazi ilianzia wapi, nani aliishika, na ilikwama wapi. Kama nia yako ni kumfanya mtu ainuke, mabishano yale ya usiku kucha yatamsaidia kuliko anga la buluu, maana naye ana majirani wabishi.

Tahadhari moja ni ya -takapo-. "Miji itakapotumia nishati ya jua" inaondoa shaka yote, na shaka ikiondoka, msomaji huuliza yeye anahitajika kwa lipi. Mpe mhusika mwenye imani kubwa aiseme, msimulizi aiache.

Sentensi yako basi iwe: "Miji ilianza kutumia nishati ya jua, moshi ukapungua." Popote utakapobaki na masharti, pande mbili zipatane: "ikitumia" iende na "itakuwa", "ingetumia" iende na "ingekuwa". "Ikitumia, ingekuwa" haisimami. Na katika kukanusha, "isingetumia" na "haingetumia" zote zinatumika; chagua moja uishike hadi ukurasa wa mwisho.