Betri za nyumba zimejaa, betri ya injini imekufa

Asubuhi ile friji ilikuwa inanguruma, taa za ndani zinawaka kweupe, pampu inasukuma maji bila kusuasua. Motahomu, yaani gari letu lenye nyumba ndani, ilikuwa imeegeshwa siku 21 bila kusogea hata hatua moja, na paneli ya sola iliyo juu ya paa ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa: betri mbili za nyumba, zile zinazolisha taa, friji na pampu, zilisoma volti 13.6. Nikakaa kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Ka-ka-ka-ka. Halafu kimya. Betri ya injini ilisoma volti 11.4.

Penye miti hakuna wajenzi. Umeme ulikuwa mita mbili tu nyuma ya kiti changu, mwingi hadi sola imeanza kupunguza kuuleta, na injini imelala njaa.

Siku ile niliondoka kwa kubusti, yaani kuazima umeme wa betri nyingine kwa nyaya, na nitaeleza nilivyofanya. Kwanza tuone kwa nini hali hii inawapata watu wengi. Motahomu nyingi zina rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayounganisha betri ya injini na betri za nyumba pale injini inapowaka tu, ili alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) ijaze pande zote mbili. Ukizima injini, rilei inaachia na kila upande unabaki peke yake. Huo ni mpango mzuri, kwa sababu bila huo ungetazama televisheni usiku na asubuhi gari lisiwake. Tatizo ni kwamba fundi anapofunga sola, mara nyingi anaipeleka kwenye betri za nyumba peke yake. Betri ya injini inabaki na kazi ya kutoa tu: king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, kumbukumbu ya redio, kompyuta za gari, vyote vinanyonya mchana na usiku.

Vinanyonya kiasi gani? Hapa ndipo ningekushauri uanzie, kabla hujanunua chochote. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye kipimo cha ampea 10, fungua waya wa hasi wa betri ya injini, kisha weka mita katikati ya ncha ya hasi na ule waya ulioufungua. Funga milango yote na usubiri. Kompyuta za gari hazilali papo hapo; nyingine huchukua nusu saa au zaidi, na ukisoma mapema utaona namba kubwa za kukutisha bure. Wakati wa kusubiri usiguse ufunguo. Mimi niliugusa, eti niangalie saa kwenye deshibodi, na fyuzi ya mita ikaenda zake.

Yangu ilitulia kwenye ampea 0.09. Inaonekana kama si kitu. Zidisha kwa saa 24 unapata ampea-saa 2.16 kwa siku, na kwa siku 21 ni ampea-saa 45. Betri yangu ya injini ni ya ampea-saa 70, tena ilifika pale haijajaa kwa sababu safari ya mwisho ilikuwa fupi. Hesabu imejieleza.

Lakini itazame hesabu hiyo kutoka upande wa pili. Ninachohitaji kurudisha ni ampea-saa mbili na ushee kwa siku. Ampea moja kwa saa tatu za jua inatosha na kubaki. Kwa hiyo ukiambiwa ununue mtambo mkubwa wa kuhamisha ampea 30 kutoka nyuma kwenda mbele, uliza unaenda kufanya kazi gani. Betri ya injini inataka kulishwa haba na haba, kila siku.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijinga, nalisema ili usilirudie. Nilivuta waya kutoka chanya ya betri za nyumba hadi chanya ya betri ya injini, nikaweka swichi katikati. Mchana nawasha, jioni nazima. Ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano nikasahau kuzima, tukatumia taa na hita hadi usiku wa manane, na asubuhi betri zote zikawa zimelala pamoja, sasa hata taa hakuna. Isitoshe, swichi ya namna hiyo ni hatari: ukiiwasha wakati upande mmoja umejaa na mwingine umekauka, umeme unamiminika bila breki, na waya mwembamba unaweza kuyeyuka ganda.

Kinachotakiwa ni njia ya kwenda upande mmoja, yenye kikomo. Njia ya bei rahisi kabisa ni dayodi na kitu cha kuzuia wingi wa umeme. Dayodi inaruhusu umeme kutoka nyumba kwenda injini na kukataa kurudi. Ile ya aina ya Schottky inakula volti 0.4 hivi, kwa hiyo sola ikishikilia betri za nyumba kwenye 13.6, betri ya injini inapata kama 13.2, ambayo inatosha kuitunza ingawa si ya kuifufua iliyokufa. Usiku, pande zote zikiwa karibu na 12.7, hakuna kinachopita.

Hicho cha kuzuia wingi usikiache, maana stata (mota inayoanzisha injini) inapozunguka, volti ya betri ya injini hushuka hadi 10 au chini yake kwa muda mfupi, na dayodi peke yake ingejaribu kusaidia kwa kupitisha makumi ya ampea hadi iungue. Mafundi wa zamani wanaweka taa ya indiketa ya wati 21 kwenye njia hiyo, na mimi naipenda mbinu hii kuliko rezista. Taa ya wati 21 haiwezi kupitisha zaidi ya ampea mbili hivi ikishapata moto, na inakuambia kinachoendelea: ikiwaka, betri ya injini ina njaa, ikiwa giza, imeshiba. Iweke tu mbali na kitambaa au mbao, inachoma.

Baadaye niliihama mbinu hiyo nikanunua kifaa kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hii. Kinapima pande zote mbili. Kinapitisha umeme pale tu betri za nyumba zinapoizidi ya injini kwa kiasi fulani cha volti, na kinakata tofauti hiyo ikipungua. Nyaya tatu: chanya ya nyumba, chanya ya injini, na hasi. Kufunga kulinichukua chini ya saa moja, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kutafuta pa kupitishia waya chini ya zulia.

Fyuzi ziwe mbili. Watu wanaweka moja wakidhani yatosha, kwa kuwa kwenye taa au pampu moja yatosha. Waya huu una betri kila mwisho. Ukikwaruzika katikati na kugusa bodi, umeme utakuja kutoka pande zote. Fyuzi moja karibu na kila chanya, ya ampea 5 kwa kifaa kidogo kama changu, na waya wa milimita za mraba 2.5.

Kuna pia rilei zinazojiunganisha zenyewe volti ikifika kama 13.3 na kuachia ikishuka hadi 12.8 hivi. Si mbaya, ila zinaunganisha pande mbili moja kwa moja, kwa hiyo zinataka nyaya nene na fyuzi kubwa. Kwa kazi ya kutunza tu, naona ni kutumia shoka kukatia ukucha.

Wenye betri za lithiamu, hapa msimame kidogo. Betri ya lithiamu ya volti 12 ikiwa imetulia, bila chaji yoyote, husoma 13.2 au 13.3. Kifaa kilichopangiwa betri za risasi na asidi kinaiona namba hiyo na kudhani jua linawaka saa zote, hata usiku. Kitaendelea kupeleka umeme mbele mpaka lithiamu ishuke mbali. Kwa maegesho mafupi hutaona shida. Kwa miezi miwili bila jua utazikuta betri za nyumba tupu. Tafuta kifaa kinachokuruhusu kupandisha kiwango cha kuanzia. Au badilisha kidhibiti cha sola kwa kile chenye njia ya pili ya betri ya injini, ambacho kwa anayeanza kufunga mfumo upya ndicho ningechagua bila kufikiri mara mbili.

Kama huwa unachomeka umeme wa nje, huenda chaja yako tayari inailisha betri ya injini kidogo kidogo. Pima kabla ya kuchomeka, pima tena baada ya saa moja. Ikipanda juu ya 13, unahudumiwa.

Sasa kuhusu kubusti kwa betri zako mwenyewe. Niliunganisha nyaya nene za kubustia, chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri za nyumba kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka na cheche ya mwisho haifai kutokea juu yake. Kisha sikugeuza ufunguo papo hapo. Wengi wanakosea hapo. Betri za nyumba zimetengenezwa kutoa umeme polepole, na stata inaweza kudai ampea 200 kwa mara moja. Lithiamu nyingi zitajikata zenyewe kujilinda. Nikasubiri nusu saa, nikatoa nyaya, ndipo nikawasha. Iliwaka kwa kusuasua.

Betri ile haikudumu lakini. Ikikaa chini ya volti 12 kwa wiki nyingi, sahani za ndani zinashika salfeti, na hakuna kifaa cha kuisaidia tena. Kujua kama yako imefika huko, ijaze, iache ipumzike usiku kucha, kisha mwambie mtu awashe injini wewe ukisoma mita. Ikianguka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, nunua nyingine kwanza ndipo ufunge kifaa.

Na kama unaegesha ndani ya banda, au chini ya mti mzito, usitegemee lolote kati ya haya. Bila jua, kifaa kitahamisha umaskini tu kutoka betri moja kwenda nyingine. Hapo fungua waya wa hasi wa betri ya injini, ukikumbuka king'ora na kifaa cha kufuatilia vitazimika navyo, na kwamba kufuli la umeme halitakufungulia mlango ukirudi. Tembea na ufunguo wa chuma.