Pauni 7,500 Haziingii Mfukoni Mwangu

Shemeji, salamu. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti kwenye grupu la familia: eti serikali ya Uingereza inagawa pauni 7,500 kwa kila mwenye nyumba afungiwe pampu ya joto, ile mashine ya umeme ya kupasha nyumba, basi nichukue zangu, nivumilie baridi kidogo, tumwezekee mama nyumba. Aliyekuambia kakupa nusu ya habari. Ruzuku ipo kweli, kwa England na Wales, lakini hiyo hela mimi siishiki. Fundi mwenye kibali ndiye anayeiomba na ndiye anayelipwa. Mimi napunguziwa bei tu. Fundi niliyemwita kaandika pauni 13,200. Toa ruzuku, zinabaki 5,700 za jasho langu, zaidi ya shilingi milioni 15 za huko Tanzania. Sasa niambie nani anamnyima nani bati.

Halafu mnavyonicheka kwenye video nimevaa koti sebuleni! Boila ya gesi, ile inayochemsha maji ya kupasha nyumba, tunaiwasha kidogo asubuhi kabla ya kazi, kidogo jioni, basi. Mwezi niliotuma ada, hata jioni nyingine haiwashwi. Hilo sikuwaambia, na mama msimwambie.

Pampu yenyewe siidharau. Ni friji iliyogeuzwa: inachota joto lililomo kwenye hewa ya nje, hata kukiwa na theluji, na kulileta ndani. Uniti moja ya umeme inakupa kama tatu za joto. Norway kuna baridi kuliko huku na wanazo tele. Tatizo huku ni bei: uniti ya umeme inauzwa karibu mara nne ya uniti ya gesi, kwa hiyo ile faida inaishia hapo hapo. Anayepasha nyumba kwa hita za umeme afunge hata kesho. Mwenye gesi kama mimi akae na kalamu kwanza.

Na nyumba yetu ni ya kizamani. Boila inapeleka maji ya nyuzi 70 kwenye radieta, yale mabomba bapa ya ukutani yanayotoa joto. Pampu inafanya kazi vizuri kwenye 45 hivi. Ile radieta nyembamba nyuma ya kochi, kwa maji hayo ukiigusa ni vuguvugu tu. Fundi anataka tubadilishe radieta tatu, na kabati la mabegi liwe la tangi la maji ya moto. Tena pampu haipendi washa-zima. Inataka iende polepole kutwa nzima. Kutwa nyumbani hakuna mtu: mimi niko zamu ya ghala, mwenzangu yuko zamu ya kulea wazee. Tupashe joto makochi?

Kwa hiyo mwaka huu sifungi. Nimenunua sufi ya kuzuia joto lisipotee, nimeitandaza darini mwenyewe, nimejikuna siku mbili, lakini chumba cha watoto kimebadilika. Boila ikifa nafunga pampu, hata kwa mkopo. Ndiyo, najua nimetoka kuiponda.

Sasa kuhusu mpwa wangu anayekuja kusoma Septemba. Mzuie. Haya, mwache aje, ila asilipe hata senti ya chumba kabla ya kuona cheti cha nishati cha nyumba. Kina herufi, kuanzia A, nzuri kabisa, hadi G, mbaya kabisa. Chini ya E mwenye nyumba haruhusiwi kupangisha mpaka awe na msamaha maalumu. Chumba cha hita za umeme na mita ya kulipia kabla kama luku, akimbie. Chenye pampu ya joto achukue haraka, gharama ya kufunga alishabeba mwingine. Na umpitishe soko la mitumba la Karume kabla hajapanda ndege, achague makoti mawili mazito. Moja la kutokea, moja la kulalia.