Barua kwa Mwanangu: Chakula Chetu Sisi ni Kipi?

Tororo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupokea, nikausoma mara mbili, kisha nikamsomea baba yako alipokuwa anakunywa chai ya jioni. Alicheka pale ulipoeleza kwamba umekwisha kula eshabwe ya samli Mbarara, firinda ya maharagwe Fort Portal na mboga ya malakwang Gulu, lakini siku wenzako wa Makerere walipokubaliana kwamba kila mmoja apike chakula cha kwao, wewe ndiye uliyekosa la kupika, ukaishia kukata kachumbari. Mimi sikucheka. Uliniuliza, "Mama, chakula chetu sisi ni kipi?" na swali kama hilo halijibiwi kwa simu huku salio linakwisha, ndiyo maana nimekaa kitako kukuandikia.

Jibu la haraka unalo. Mtoto ni wa ukoo wa baba, na baba yako ni Mgisu, kwa hiyo ungesema malewa na hakuna ambaye angekubishia. Lakini ungeyapikaje? Umeyala kila Idi kwa shangazi yako huko Mbale, ukayasifu na kuomba kuongezewa, ila hujawahi kuwapo siku ya kuyaloweka. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, nayo hukaushwa kwa moshi mpaka yakawa meusi na magumu kama kuni. Yakiwa mabichi yana sumu ya jamaa moja na ile ya muhogo mchungu, na ndiyo sababu huchemshwa, maji yake yakamwagwa, yakalowekwa tena, kabla hayajakatwakatwa na kuungwa kwa karanga za kusaga pamoja na magadi yaliyochujwa kutoka kwenye majivu. Shangazi yako huinamia yale maji ya kulowekea akayanusa, akasema "bado" au "tayari", nami baada ya miaka thelathini na mitano ya ndoa sijajua ananusa nini. Kwa hiyo malewa ni ya kwao shangazi yako. Katika jiko langu huingia kama mgeni, tena mgeni wa heshima, anayeletwa akiwa tayari amepikwa ndani ya chombo chenye kifuniko.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, ambacho sijui kama walimu wako watakikubali. Chakula ni chetu ikiwa, siku utakayokosea kukipika, kuna mtu nyumbani atakayeonja na kukuambia umekosea wapi. Kwa kipimo hicho sisi tunacho chakula chetu, na kilitoka kwa bibi yako mzaa mama, ambaye ulimfahamu akiwa mzee asiyeweza tena kushika mchi.

Unajua kwamba alizaliwa Mombasa, lakini sidhani kama umewahi kufikiri jinsi reli ilivyomleta. Reli hiyo ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na ile njia inayopita hapa Tororo ikafika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Tawi la kwenda Soroti, linaloanzia hapa hapa, lilifunguliwa mwaka 1929, na kwa sababu hiyo vijana wengi wa Kiteso waliijua reli mapema. Babu yako alikuwa mmoja wa walioajiriwa baadaye. Alihamishiwa Mombasa, akaoa huko, akasilimu, na katika miaka ya 1950 akarudishwa Tororo akiwa na mke aliyezoea wali wa nazi na samaki wa kupaka, ambaye hakujua hata neno moja la Kiteso.

Katika kota za reli nyumba zilikuwa zimebanana, na kila mlango ulikuwa na kabila lake: Mluo, Mkamba, Mnubi kutoka Bombo, Mhindi karani wa stesheni. Lugha iliyowafikisha wote bombani ilikuwa Kiswahili, na ndiyo maana mimi nilikizungumza kabla ya Kiteso na wewe ukakizungumza kabla ya Kigisu. Chapati bibi yako alifundishwa na mke wa yule karani, aliyempiga kofi la mkono kila alipoharakisha kuusukuma unga kabla haujapumzika. Mama huyo alipoondoka mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, alimwachia bibi yako tawa na kifimbo cha kusukumia. Nilikuwa na miaka kumi, na nakumbuka kwamba kwa wiki nzima bibi yako hakupika chapati. Tawa lile ndilo unalolijua, lenye mpini uliofungwa waya.

Lakini nazi hazikuwapo. Mara chache mtu wa reli aliyetoka pwani aliletwa na treni pamoja na nazi mbili tatu, na mojawapo ilikuwa imeoza. Wakwe zake wa Kiteso walimpa walichokuwa nacho, yaani karanga na simsim (ufuta), na walimwonyesha jinsi ya kuzikaanga, kuzisaga na kuunga majani ya kunde, ambayo wao huyaita eboo. Aliangalia, akashukuru, akarudi nyumbani na kufanya tofauti. Mkono wake ulikuwa umefundishwa kwamba kitoweo huanza kwa tui jepesi na kumalizika kwa tui zito, basi akazigawa karanga mara mbili kana kwamba ni nazi. Wakwe walitia karanga zote kwa pamoja mwishoni, wakayaacha mafuta yaelee juu, na kwao mafuta yale ndiyo uzuri wa chakula. Kwa bibi yako yalikuwa aibu. Alisema tui limekatika, akaona haya kuwaita wageni mezani.

Hicho ndicho chakula chetu, mwanangu: majani ya kunde kwa tui la karanga, yakiliwa kwa atap, yaani ugali wa wimbi, siku za kawaida na kwa chapati siku za sikukuu. Umekila tangu hujaota meno, na nadhani ndiyo sababu hukukiona.

Najua utakavyonijibu, kwa kuwa nakufahamu. Utasema hicho si cha asili, ni cha juzi, kimechanganywa na mwanamke mmoja katika kota za reli. Ni kweli. Lakini waulize hao wenzako. Waganda wenyewe husimulia kwamba luwombo lilianzishwa mwaka 1887 na Kawuuta, mpishi wa mfalme wao, Kabaka Mwanga, aliyeufunga mchuzi ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Mpishi mmoja, jiko moja, na leo hakuna arusi ya Kiganda inayokamilika bila chakula hicho. Karanga tunazoziita zetu zilivuka bahari kutoka Amerika, kama ulivyovuka muhindi wa posho na muhogo pia, na asili ya migomba ni Asia. Chapati ni ya Wahindi, na vijana wa Wandegeya, Kampala, walipoiviringishia mayai na kuiita rolex hawakumwomba mtu ruhusa. Kati ya vyote vilivyomo jikoni mwangu, wimbi ndilo lenye haki ya kujisifu kwamba ni mwenyeji wa nyanda za juu za upande huu wa Afrika tangu zamani sana, nalo ndilo ulilokuwa ukilikataa ulipokuwa mtoto.

Sasa nizungumzie safari zako, kwa sababu baba yako ananung'unika kwamba fedha za matumizi zinaliwa barabarani. Mimi sioni kosa katika kusafiri ili kula. Nilikulia karibu na stesheni ambako treni iliposimama wanawake walikimbilia madirishani na mayai ya kuchemsha, karanga katika vifuko vya karatasi na mahindi ya kuchoma, na abiria alijua amefika wapi kwa kile alichouziwa. Huduma ya abiria wa masafa marefu iliposimama katika miaka ya 1990, mambo hayo yalibaki kwenye barabara ya lami, kule Namawojjolo, Najjembe na Lukaya, ambako wauzaji hulizunguka basi wakiwa wameinua vijiti vya nyama. Huko nakushauri ununue gonja, ile ndizi ya kuchoma. Kuku wa kijitini hujui alichomwa saa ngapi na amepashwa moto mara ngapi, na mimi niliwahi kuuziwa mmoja, mahali nisipopataja, aliyekuwa wa moto nje na mbichi kabisa mfupani. Gonja ikiwa mbichi utaiona kwa macho.

Kosa ninaloliona liko katika maneno yako juu ya eshabwe. Uliandika kwamba "haina ladha". Nilisikitika kidogo. Eshabwe ni samli inayooshwa kwa maji na kukorogwa pamoja na chumvi ya mawe mpaka igeuke kuwa nyeupe na laini, na mtu wa Ankole huionja akitafuta utamu wa maziwa, ukali mdogo wa samli iliyokaa, na kiasi cha chumvi. Wewe uliionja ukitafuta bizari. Ulimi wako umelelewa na pilau ya bibi yako, na kila unachokula bado unakipima kwa pilau hiyo bila kujua. Unapokula kwa watu, muulize aliyepika yeye mwenyewe anatafuta nini anapoonja, kisha onja tena. Na kama anakubali, omba umsaidie. Ungekaa asubuhi moja tu ukikoroga eshabwe, mkono ungekufundisha kile ambacho sahani tano zisingeweza. Pale Gulu ulifanya vizuri zaidi, kwa sababu ulieleza kwamba mwenyeji wako alikuonyesha jinsi uchachu wa majani ya malakwang unavyotulizwa na simsim iliyosagwa na jinsi viazi vitamu vinavyofaa kuandamana nayo. Barua hiyo niliisoma kwa furaha, na njaa ikanishika.

Kuhusu fedha, tumekubaliana na baba yako kwamba safari moja kwa muhula inatosha, nayo iwe baada ya kulipa kila unachodaiwa hapo chuoni. Safari ya kwenda kwa shangazi yako Mbale haihesabiwi. Nenda mwezi wa Desemba, ulale siku mbili kabla ya kupikwa malewa, na uniambie ananusa nini.

Uliomba pia vipimo. Mimi sikufundishwa kwa vipimo, lakini jana nilipika nikiwa na kikombe mkononi kwa ajili yako. Chukua karanga kikombe kimoja, uzikaange kwa moto mdogo mpaka maganda yaanze kutoka, uzipepete, kisha uzitwange mpaka ziwe laini na mafuta yaanze kung'aa kwenye kinu. Usinunue zilizosagwa tayari, kwa maana huwezi kujua kama zilikuwa na ukungu, na ukungu wa karanga huleta sumukuvu ambayo haiondoki hata ukipika mchana kutwa. Robo ya karanga hizo uichanganye na vikombe vitatu vya maji ya uvuguvugu. Hilo ndilo tui jepesi. Zilizobaki uzichanganye na kikombe kimoja tu. Majani ya kunde yawe machanga, uyachambue mafungu mawili, uyachemshe kwa chembe ya magadi mpaka yalainike, umwage maji. Kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili, utie majani, utie tui jepesi, uliache lichemke bila kufunika mpaka libaki nusu. Ndipo unapopunguza makaa kwenye sigiri, unatia tui zito na chumvi, na unakoroga kwa upande mmoja bila kuondoka, hata simu ikiita, hata mtu akibisha hodi.

Kazi yote iko hapo mwisho. Tui zito likitokota kwa nguvu, mafuta yatajitenga na utakuwa umepika cha wakwe, ambacho ni kitamu lakini si cha bibi yako. Linatakiwa litokote polepole na kutoa mlio mzito wa mapovu machache, mmoja mmoja, kama mtu anayesinzia. Nimejaribu kuuandika mlio huo na sikuweza. Kwa hiyo Jumamosi nitampa dereva wa basi la asubuhi mkebe wa karanga mbichi za hapa nyumbani pamoja na unga wa wimbi. Umpokee pale kituoni na umrudishie mkebe wa mara iliyopita, ambao unao tangu mwezi wa tatu. Jumapili utakapofika kwenye tui zito, nipigie, uiweke simu karibu na sufuria, na usiseme neno. Nikisikia limezidi nitakuambia utoe makaa.

Ni mimi mama yako.