Jibu: Deni la kamari ya mtandaoni, nianze na lipi?

Ndugu, umeuliza kama ulipe kwanza mikopo ya simu au rafiki zako, huku mshahara ukiisha ndani ya siku 3. Kabla ya kulipa yeyote, funga akaunti za kamari. Usifute programu tu, maana utaipakua tena usiku huohuo. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta sehemu ya kujizuia kucheza, chagua muda mrefu kuliko yote. Fanya hivyo kwa kila kampuni uliyojisajili, kisha zuia namba zinazokutumia ofa.

Sasa chukua karatasi, andika unadaiwa na nani, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Toa kodi ya nyumba, chakula na nauli kwanza. Kinachobaki kipeleke kwenye deni lenye riba kubwa, kwingine lipa kiwango cha chini. Mkopo wa 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa riba, unapita 3,100 baada ya miezi 12. Ndiyo maana kukopa huku ulipe kule kunakuzamisha.

Wakopeshaji wapigie kabla ya tarehe kufika, uombe awamu ndogo, na makubaliano yawe ya maandishi. Rafiki mwambie ukweli, mpe tarehe utakayoiweza.

Siku ya mshahara ndiyo hatari zaidi. Lipa asubuhi, salio ashike mtu unayemwamini. Na kama umewahi kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo, deni lisubiri.