QGIS inagoma kwenye kuunganisha: mkuu, usiguse hiyo libstdc++

Weka hiyo flashi chini kwanza.

Umesema uko Tabora, una Ubuntu 20.04, unajenga QGIS, programu ya ramani, kutoka kwenye msimbo wake, na imefika mbali ikaanguka na `undefined reference to std::__throw_bad_array_new_length()@GLIBCXX_3.4.29`. Kilichonitoa kitandani ni huyo mchangiaji wa juu anayekwambia uchukue libstdc++.so.6 (maktaba ya C++ ambayo programu nyingi zinaitegemea) kwenye laptopu ya rafiki yako yenye 22.04 uibandike kwenye /usr/lib/x86_64-linux-gnu, nawe ukamjibu "asante mkuu, jioni najaribu".

Mimi nilijaribu. Niko huku mwisho wa reli, Mwanga ya Kigoma, na wakati ule nilikuwa na kazi ya ramani ya visima vya vijiji vya Uvinza. Kosa lilikuwa hilohilo, namba hiyohiyo. Jamaa mmoja kwenye video, sauti nzito, anajiamini kama mganga, akasema "ni kunakili faili moja tu". Nikaandika sudo cp, nikapiga Enter, nikaenda kuangalia migebuka jikoni.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana yule wa kwenye video hakukisema. Hiyo libstdc++.so.6 si faili, ni kiungo kinachoelekea libstdc++.so.6.0.28. Amri ya cp haikuondoa kiungo. Ilikifuata mpaka kwenye faili lenyewe ikalifuta kwa kuliandika upya. Kwa hiyo lile la zamani halikuwepo tena popote. Na hili jipya limejengwa kwa glibc (maktaba ya msingi ya C) ya 22.04, ambayo ni 2.35, wakati mashine yangu ilikuwa na 2.31. Nikaita cmake, inayoandaa ujenzi: `GLIBC_2.34 not found`. Nikaita apt, msakinishaji wa Ubuntu, initengenezee: jibu lilelile, kwa sababu apt nayo imeandikwa kwa C++. Mganga kalazwa wodi moja na mgonjwa.

Nikafanya kosa la pili, nikazima na kuwasha. Skrini nyeusi. Desktopu nayo ilikuwa inategemea faili lilelile.

Nikaipeleka kwa fundi. Simlaumu sana, nilimwambia mwenyewe "weka upya tu", naye akaweka upya kweli, diski nzima. Vituo 212 vya GPS nilivyovikusanya juu ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno, vikaenda. Kwenye simu nilishavifuta nipate nafasi ya picha za mpira. Ndiyo, cheka, nilishajicheka mwenyewe. Nikarudi Uvinza siku kumi na moja, mafuta ya kwangu, na kila kijiji mwenyekiti ananiuliza "si ulikuja wewe?"

Kinachoniuma hadi leo: dpkg, kisakinishi kilicho chini ya apt, imeandikwa kwa C. Haihitaji libstdc++. Kama nisingezima, ningepakua kifurushi cha libstdc++6 cha 20.04 kwa wget, nikapiga sudo dpkg -i, na migebuka ingekuwa bado ya moto. Hata baada ya kuzima, flashi ya kuwashia Ubuntu ingetosha kurudisha faili moja. Nililijua hilo mwezi mmoja baadaye, bure kabisa.

Turudi kwako. GLIBCXX_3.4.29 ni lebo ya toleo la libstdc++, ilikuja na GCC 11. Kompaila yako ya 20.04 ni GCC 9, na libstdc++ yako inaishia 3.4.28. Kwa hiyo mashine yako haina upungufu wowote! Kuna maktaba ngeni, iliyojengwa na kompaila mpya kuliko yako, imeingia kwenye ujenzi na kudai vitu ambavyo kwako havipo. Swali ni nani kaileta. Ingia kwenye folda ya ujenzi, tafuta neno conda kwa amri hii:

grep -i conda CMakeCache.txt

Nasema conda kwa sababu kwenye picha uliyoweka naona (base) mwanzoni mwa mstari wa terminali yako. Hiyo ina maana miniconda (msakinishaji mwingine mwenye maktaba zake) iko hai, na cmake ikitafuta GDAL (maktaba ya kusoma data za ramani) inaweza kuiokota humo badala ya kwenye mfumo. Kwangu ilikuwa hivyohivyo: GDAL_LIBRARY ilielekea miniconda3/lib/libgdal.so. Mstari mmoja. Siku kumi na moja za Uvinza kwa mstari mmoja.

Ukiuona, piga conda deactivate mpaka (base) itoke, sakinisha libgdal-dev kwa apt, kisha futa folda ya ujenzi YOTE. Usirudie cmake juu ya ile ya zamani, CMakeCache.txt inakumbuka njia ya kwanza hata ukishaifunga conda. Halafu cmake upya, grep tena kabla ya kujenga.

Na /usr/lib ni shamba la apt. Mle hakuna faili linaloingia kwa mkono wako, la rafiki yako, wala la mimi hapa ninayejifanya najua. Linka, anayeunganisha vipande vya programu na maktaba, akilalamika, mwulize kwanza anasoma maktaba ya wapi. Yule mchangiaji wa juu namwomba aje aseme kama amewahi kuijaribu dawa yake kwenye mashine yake mwenyewe, au huwa anaandikia wengine tu.

Bandika hapa majibu ya ile grep. Na nakili data zako sasa hivi, kabla hujafanya lolote, hata kama ni ramani ya mizinga ya nyuki.