Ripoti mpya ya hospitali haitambeba baba mbele ya majaji

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu aliendesha teksi Toronto kwa miaka 12. Mwaka 2015, akiwa na miaka 52, mgongo ulimshinda akaacha kazi, baadaye akarudi nyumbani. Aliomba pensheni ya ulemavu ya Kanada, akakataliwa. Alikata rufaa kwenye baraza la Kanada linalosikiliza rufaa za hifadhi ya jamii, likasema muda wake wa kustahili uliisha tarehe 31 Desemba 2017, na wakati huo bado aliweza kazi nyepesi ya kukaa. Ngazi ya juu ya baraza ilipokea rufaa yake, ikamsikiliza kwa simu saa kumi na moja jioni akiwa hapa sebuleni, nayo imekataa. Uamuzi umefika juzi kwa barua pepe. Daktari wake wa hapa Dar yuko tayari kuandika ripoti mpya kwamba hawezi kazi yoyote. Tukiipeleka mahakamani, majaji watampa pensheni? – Binti wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe baba pole yangu. Kabla ya mengine yote: umesema juzi. Mna siku 30 tangu uamuzi ulipowafikia, na hizo zimeshaanza kuhesabiwa. Nilikaa masjala ya mahakama hapa mjini miaka 19. Alikuja mzee mmoja kutoka Mbagala na bahasha ya kaki, nyaraka zake zimepangwa vizuri kuliko za mawakili wengi, siku moja imepita. Nilikuwa nimeshika muhuri mkononi. Ikabidi nimwambie arudi aanze na maombi ya kuongezewa muda. Kanada pia muda unaweza kuombwa, lakini msijitie huko bila sababu.

Kwa kuwa ngazi ya juu ilimsikiliza na kuamua, mnakwenda Mahakama ya Rufani ya Shirikisho. Angekuwa amenyimwa hata ruhusa ya kukata rufaa, angeanzia Mahakama ya Shirikisho, ambayo ni nyingine. Watu huchanganya hizo mbili.

Sasa swali lenyewe. Hapana, majaji hawatampa pensheni kwa ripoti hiyo, na pengine hawataisoma kabisa. Haya ni mapitio ya mahakama. Jaji haulizi kama mgongo wa baba yako unauma. Anauliza kama uamuzi wa baraza unasimama: je, sababu zake zinafuatana, zinagusa sheria na ushahidi uliokuwa mezani? Tangu kesi ya Vavilov, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2019, ndicho kipimo cha kawaida huko. Kwa hiyo ushahidi ambao baraza halikuuona, kwa kawaida haupokelewi.

Na hata ungepokelewa, ripoti ya leo inaeleza mgongo wa leo. Tarehe ile ya 2017 imetokana na michango: kwa mtu wa miaka 12 ya kazi, sheria inataka awe amechangia angalau miaka 4 kati ya 6 ya mwisho. Aliacha 2015, kwa hiyo miaka sita ya mwisho yenye minne ya michango ni 2012 hadi 2017, na mwisho wa 2017 ndipo dirisha lilipofungwa. Lazima ulemavu uwe ulikuwa mkali na wa kudumu kufikia siku hiyo na uendelee mpaka sasa. Fedha za ripoti hiyo ziwekeni kwa wakili wa kule anayejua kesi za pensheni.

Kazi yenu usiku huu ni kusoma uamuzi wenyewe, kurasa zote, na penseli mkononi. Mwaka 2001, katika kesi ya Villani, Mahakama hiyohiyo ya Rufani ya Shirikisho ilisema mwombaji apimwe kama mtu anayeishi duniani: umri wake, elimu, ufasaha wake wa lugha, kazi alizofanya na maisha aliyopitia. Kwa maneno mengine, ni kazi gani ya kukaa ambayo mtu kama baba yako, na elimu aliyonayo, angeajiriwa kweli? Tafuteni aya inayozungumzia hayo. Ikiwa haipo kabisa, hapo mna hoja ya kumwonyesha jaji. Ikiwa ipo na imejadiliwa vizuri, msimame mfikiri, maana kusema tu kwamba mngetaka jibu jingine hakutoshi. Mimi sijauona uamuzi wenu, siwezi kuwatabiria.

Wengi hupenda kunisikia nikisema mahakama itarekebisha. Mkishinda, kwa kawaida uamuzi unafutwa na shauri linarudi barazani likaamuliwe upya. Ni ushindi wa kweli, ila fedha bado. Kuishi kwake Tabata hakumzuii, pensheni hiyo hulipwa popote mtu alipo.

Jambo la mwisho muulizeni baba mwenyewe, kwa upole, maana wanaume wa umri wake huona aibu kulisema. Kati ya 2015 na 2017, alijaribu kazi yoyote nyepesi ikamshinda kwa sababu ya mgongo? Kukaa getini kwa siku nne tu, kupokea simu dukani kwa rafiki? Pale panapoonekana mtu ana uwezo wa kufanya kazi, mahakama za kule hutaka kuona alijaribu. Kama alijaribu, angalieni kama aliliambia baraza, na baraza lilisema nini juu yake.